Redio Kaseti na Wufa: Wati za Katoni na Wati za Sikio (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliifuata kaseti tangu Philips walipoionyesha mjini Berlin mwaka 1963 hadi ilipoingia harusini Malindi na Mombasa, ambako watu waliziweka redio zao mbele ya wapiga taarab wakabonyeza kitufe chekundu. Leo tuingie madukani. Swali ninaloulizwa sana, Kilifi, Mtwapa hata Mariakani, ni hili: je, mtambo mpya wa nyumbani, wenye wufa moja kubwa na spika ndogo ndogo pembeni, unaishinda ile redio kaseti ya marehemu baba iliyokaa juu ya kabati? Jibu langu ni kwamba unaishinda ndani ya chumba chenye stima, na humo haina la kujitetea. Ukitoka uani mambo hugeuka, na sababu zake zinahesabika.

Tuanze na uongo mkubwa ulioko dukani. Katoni nyingi zimeandikwa wati 8,000, wati 10,000 na kuendelea, kando yake herufi PMPO. Herufi hizo hazina kipimo kilichokubaliwa popote. Kila kiwanda hupiga hesabu kipendavyo: huchukua mshindo mmoja wa kufumba na kufumbua, hujumlisha spika zote, kisha hutia chumvi. Wewe geuza mtambo, usome kibandiko kilicho karibu na waya wa stima. Utakuta volti 240, hezi 50, na wati 40 au 60. Namba hiyo ndiyo ya kuaminiwa, maana mtambo hauwezi kuendelea kutoa nguvu kubwa kuliko inayoingia kutoka ukutani, si siku ya kawaida wala siku ya Idi. Wufa nyingi za bei nafuu zimejengwa juu ya kidude cha miguu mitano kiitwacho TDA2030. Kimoja hutoa wati 14 hadi 18 kikipewa umeme wa kutosha na bati la kupoza joto. Weka vitatu, viwili vya pembeni na kimoja cha besi, utafika hamsini na kitu. Hizo elfu kumi zimebaki kwenye katoni.

Redio kaseti nayo ina wati ngapi? Chache mno, ukweli usemwe. Redio ya mawe sita makubwa, yaani betri, ina volti 9. Kwa amplifaya ya kawaida ya miaka ile na spika ya omu 4, hesabu haivuki wati 2 na nusu kila upande. Ya mawe manane, volti 12, hufikia wati 4 na nusu, na zikitolewa hasara za njiani hushuka chini ya hapo. Hata tukizijumlisha pande zote mbili, hatufiki wati 10 mbele ya mtambo wa wati 60.

Lakini sikio halihesabu kama mwenye duka. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu, wati zinatakiwa ziongezeke kama mara kumi. Kuongeza wati mara mbili huleta desibeli 3 tu, tofauti ambayo asiyeambiwa anaweza asiitambue. Kutoka wati 8 hadi 60 ni kama desibeli 9. Halafu kuna jambo ambalo katoni haiandiki: unyepesi wa spika. Spika ya karatasi ya inchi 5 au 6 katika redio za miaka ya 1970 na 1980 ilitengenezwa kwa kujua kwamba umeme ni wa mawe, kwa hiyo koni ilikuwa nyepesi na pana, ikaitika kwa msukumo mdogo. Spika ndogo za siku hizi zina koni nzito kwa umbo lake, na mpira laini pembeni, ili zisogee sana mbele na nyuma na kutoa besi kutoka kwenye kiboksi kidogo. Besi hiyo hulipiwa kwa wati. Ukizipa spika mbili za aina hizo wati moja moja, ya zamani inaweza kuipita mpya kwa desibeli 5 au 6. Toa hizo kwenye zile 9, uone kilichobaki. Ni tofauti ya kusikika, sikatai, ila si ile uliyotoa pesa ukiiamini.

Nguvu nyingine ya mtambo mpya imekwenda wapi? Imekwenda kwenye besi, na besi ina tabia zake. Mawimbi ya sauti ya hezi 50 yana urefu wa karibu mita 7; ya hezi 3,000, ambako konsonanti za maneno hukaa, hayazidi sentimita 12. Wimbi fupi likigonga ukuta wa mawe ya matumbawe, kama wa nyumba za zamani za Shela ya Malindi, hurudi chumbani. Wimbi refu hupinda kwenye dirisha, hupita juu ya ukuta na kwenye paa la makuti kama hakuna kitu. Ndiyo maana jirani wa mwenye wufa hasikii wimbo. Husikia dundo usiku kucha, bila maneno, bila hata kujua ni nani anayeimba, na kwa maoni yangu hakuna namna mbaya zaidi ya kulazimishwa muziki. Mwenye mtambo naye akishika pembe ya kuta mbili na sakafu, besi humjia imeongezwa na kuta zenyewe, akadhani ni ubora wa mashine.

Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, zimeweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya nyumba za makazi. Watu wachache wanajua kwamba desibeli hizo hupimwa kwa kipimo cha herufi A, kilichotungwa kufuata usikivu wa sikio kwenye sauti ndogo, na kipimo hicho hukata kama desibeli 30 kwenye hezi 50. Yaani afisa anaweza kusimama uani na kifaa chake kikasoma namba ya adabu huku mabati yakitetemeka. Kaunti ya Kilifi imeujua mjadala huu vizuri kupitia disko matanga. Mikesha hiyo ya mitambo ya kukodi imepigwa marufuku zaidi ya mara moja, na kwa sababu nzito kuliko kelele, usalama wa wasichana ukiwa ya kwanza. Mimi natazama upande wa sauti tu: matanga yaliyokuwa na kifudu na mwanzele, ngoma ambazo mwili wa mtu ndio uliozipa nguvu na uchovu wake ndio uliozipa kikomo, yamepata mashine isiyochoka mpaka jenereta iishiwe petroli.

Sasa twende nje. Uani, barazani, au kwenye mangwe chini ya minazi, hakuna ukuta wa kurudisha besi. Kila umbali ukiongezeka maradufu, sauti hupungua desibeli 6. Hapo mtambo wa nyumbani hunyong'onyea, nawe utaongeza sauti mpaka spika ndogo zikwaruze. Redio kaseti haikuwahi kuwa na besi ya kupoteza. Nguvu zake chache ziko katikati, pale penye sauti ya binadamu, na wazee waliokaa hatua kadhaa kutoka kwenye redio walisikia taarifa ya habari, mawaidha au mashairi neno kwa neno. Taarab ya Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi, ilifaidika na hilo kuliko muziki wowote: ukikosa mashairi umekosa wimbo. Nimesikia nyimbo zake kwenye wufa mpya zikiwa na dumbak kubwa kuliko mwimbaji. Ukimiliki mtambo wa namna hiyo, punguza kitufe cha besi hadi nusu, mwimbaji atarudi.

Haki itendeke upande wa pili pia. Ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, redio kaseti haisimami mbele ya mtambo mpya. Utepe wa kaseti una upana wa milimita 3.81 tu na hutembea sentimita 4.76 kwa sekunde, mwendo wa pole uliochaguliwa kwa ajili ya maneno yaliyosemwa kabla mtu hajafikiria muziki. Matokeo yake ni ule mvumo wa "shhh" nyuma ya kila kitu, na sauti kuyumba mota inapochoka. Kaseti ya kawaida huweka kama desibeli 50 kati ya mvumo na kilele cha muziki. Sidii, iliyoingia sokoni mwaka 1982, huweka 96. Flashi na simu zimerithi usafi huo, ingawa nyimbo nyingi za pwani zilizomo ndani ya flashi zetu zilinakiliwa kutoka kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti, na hakuna mashine itakayorudisha kilichopotea njiani.

Na stirio? Spika za redio kaseti zimetenganishwa kwa sentimita 40 au 50. Ukikaa mita tatu mbele yake, kushoto na kulia huwa kitu kimoja. Mtambo wa nyumbani hukuruhusu kuzitenga spika mita mbili, ukae katikati na kila ala uisikie ilipo. Wanaofanya hivyo Malindi nawahesabu kwa vidole. Wengi huzipanga zote juu ya kabati moja la televisheni, kisha husifu stirio. Kispika cha bluetooth cha kubebwa mkononi mara nyingi hakina hata hilo, kwani kila kitu hutokea tundu moja.

Kuhusu umeme, mawe yalikuwa gharama na kila mtu wa rika langu anakumbuka kuyaanika juani ili yasogeze siku mbili tatu. Eveready walikuwa na kiwanda Nakuru tangu mwaka 1967, kikafungwa 2014. Jiwe kubwa la kawaida lina nguvu ya kama wati-saa 9, na sita hupita 50 kidogo, kiasi cha kusikiliza redio kwa wiki kwa sauti ya wastani. Kaseti ndiyo iliyoyala, sababu ya mota, na ndiyo maana tulirudisha utepe nyuma kwa kalamu ya Bic. Kispika cha kuchaji chenye seli mbili za lithiamu hubeba wati-saa 15 au zaidi kidogo, kisha hujazwa tena kila siku bila kununua chochote. Kwa familia ya Ganze au Bamba yenye paneli ya sola, hiyo ni faida ya wazi. Ila redio ya mawe manane ina siri yake. Volti 12 zake ndizo za betri ya gari na ya sola, na nyingi zina tundu la kuingizia umeme huo moja kwa moja. Pima kwanza tundu lako lina chanya ndani au nje, maana viwanda havikukubaliana. Ukikosea, utanuka moshi kabla hujasikia wimbo.

Chumvi ya bahari haimwonei haya yeyote. Katika redio ya zamani hushika chemchemi za mawe na kuzitia kutu ya kijani, na hukwaruza kitufe cha sauti; mikanda ya mpira nayo huyeyuka ikawa kama lami. Yote hayo fundi wa Malindi huyatengeneza kwa spiriti, pamba, msasa na mpira mpya, kwa sababu vipuri vinaonekana kwa macho na kifuniko kina skrubu. Kispika kipya kimegundishwa kwa gundi, betri imechomelewa ndani, na lithiamu inayokaa imejaa kwenye joto la nyuzi 30 na ushei huzeeka haraka. Baada ya miaka michache spika ni nzima, amplifaya nzima, na chombo chote ni takataka. Hapa sina mizani ya kupima pande mbili. Huu ni ufujaji.

Limebaki jambo moja ambalo kwangu ni zito kuliko wati. Mtambo mpya hutoa sauti tu. Redio kaseti ilipokea pia. Kwa kitufe kimoja chekundu nyumba ya kawaida iliweza kuhifadhi harusi, hotuba, utenzi wa bibi, salamu ndefu za kupelekewa ndugu aliyeko Uarabuni. Maduka kama Mbwana Radio Service la Mombasa yalirekodi na kuuza taarab kwa kaseti, na sehemu kubwa ya muziki huo haikuwahi kutoka kwa sahani. Simu hurekodi, ndiyo, lakini rekodi ya simu hufa na simu, au hufutwa ili kupisha picha. Kaseti iliandikwa jina na tarehe kwa kalamu ikawekwa kwenye kopo la biskuti. Makopo hayo yapo bado, kuanzia Mambrui hadi Takaungu, na ukungu unayala.

Kwa hiyo nunua wufa kama una chumba, ukisoma kibandiko cha nyuma na si katoni. Redio ya zamani usimwuzie mnunuzi wa vyuma chakavu. Wiki ijayo tutaishika bisibisi: namna ya kusafisha hedi, kuinyoosha kwa ile skrubu ndogo ya pembeni, na kuhamisha kaseti kwenye kompyuta kwa waya mmoja. Kabla ya hapo, kaseti iliyolala miaka mingi usiitie kwenye mashine ukabonyeza. Izungushe kwanza kwa mkono, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho na kurudi, ili utepe uachane. Na ukiona unga mweupe juu yake, iache kando, fungua dirisha na ujifunge kitambaa puani.