Kete Zisizolala

Wasomaji wengi wanaufahamu mchezo wa bao. Ubao wake una safu nne za mashimo manane, na kete zote ni 64. Katika makala haya nitaeleza tatizo la hisabati lililomo ndani yake, nililolikuta mwaka 1995, nikiwa mwanafunzi wa sekondari huko Kibaha, nilipojaribu kuifundisha kompyuta kucheza.

Kompyuta za nyumbani zilikuwa adimu. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo nchini, na athari yake ilidumu muda mrefu. Yangu ilikuwa Sinclair ZX Spectrum, iliyotolewa Uingereza mwaka 1982, ambayo mjomba alirudi nayo kutoka masomoni. Ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 48, ilitumia televisheni kuwa kioo chake, na programu zilihifadhiwa katika kanda za kaseti. Bao lenyewe halikuhitaji nafasi kubwa: baiti moja kwa kila shimo, yaani 32, na mbili zaidi kwa kete zilizo mikononi mwa wachezaji. Kanuni nilifundishwa wakati wa likizo na mzee mmoja wa Kisarawe, fundi wa bao, ambaye hakusadiki kwamba mashine ya Ulaya ingeweza kujua nyumba ni nini.

Kwa ufupi, kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, mchezaji hulala. Ikiangukia shimo lenye kete, naye hana cha kula, huzichukua zote na kuendelea kuzigawa. Jioni moja kompyuta ilianza kugawa kete na haikulala tena. Niliipekua programu kwa wiki mbili nikitafuta kosa, wala sikuliona, kwa sababu halikuwapo.

Msomaji anaweza kulithibitisha jambo hili kwa mashimo mawili tu. Weka kete 3 katika shimo la kwanza na 1 katika la pili. Chukua zile 3, uzigawe moja moja ukianzia shimo la pili: sasa la kwanza lina 1, la pili lina 3, na kete ya mwisho imeangukia la pili. Chukua hizo 3, uzigawe tena ukianzia la kwanza. Utajikuta umerudi pale ulipoanza, na mkono wako hautapumzika kamwe.

Katika bao kamili, kula hakuwezi kuendelea daima, kwani kete zilizoliwa hazirudi kwa mpinzani katika zamu hiyo hiyo. Baada ya hapo kete huzunguka katika mashimo 16 ya mchezaji mmoja. Mipangilio yake ni mingi mno, lakini ina idadi maalumu. Hivyo mwendo usiolala hauna budi kuurudia mpangilio uliokwisha kupita. Dawa yake ni kuhifadhi mpangilio mmoja pamoja na shimo ulipofikia, kisha kulinganisha kila hatua na huo, na kuubadilisha baada ya hatua 1, 2, 4, 8 na kuendelea.

Dawa hiyo niliijua miaka mingi baadaye, nikisomea shahada ya uzamivu ng'ambo. Mwaka ule umeme ulikatika kabla sijahifadhi sehemu ya mtaji, na kumbukumbu ya mashine ile hufutika umeme unapokatika. Mzee alifariki mwaka 1997 bila kucheza nayo. Kanda yenye sehemu ya namua bado ninayo. Unyevu umeiharibu, na haisomeki.