Pattukkottai Kalyanasundaram, Mtunzi wa Wakulima

Pattukkottai Kalyanasundaram, mtunzi wa nyimbo za filamu za Kitamil aliyezaliwa mwaka 1930 katika familia ya wakulima wa wilaya ya Thanjavur, kusini mwa India, alikulia katika bonde la mpunga ambako ardhi kubwa ilimilikiwa na wachache huku walioilima wakibaki maskini, na hali hiyo ndiyo iliyomwingiza katika harakati za wakulima na za Wakomunisti, yaani wafuasi wa siasa inayotaka ardhi na viwanda viwe mali ya umma. Ushairi aliukuza chini ya Bharathidasan, mshairi mashuhuri wa Puducherry.

Katika filamu za Kitamil mtunzi huandika maneno tu, mara nyingi kwa kufuata muziki uliokwisha kutungwa, naye mwigizaji huchezesha midomo tu kufuata sauti ya mwimbaji. Kwa njia hiyo mashairi ya Kalyanasundaram kuhusu kazi na usawa, yaliyoandikwa kwa lugha nyepesi ya mashambani, yaliwafikia hata wasiojua kusoma. Nadodi Mannan ya mwaka 1958, filamu ya M. G. Ramachandran, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa jimbo la Tamil Nadu mwaka 1977, ilibeba nyimbo zake. Alifariki Oktoba 1959, akiwa na umri wa miaka 29 tu, hasara kubwa mno kwa ushairi wa wanyonge.