Nguo ya Idi na Upindo Wake

Katika mji wa Unguja wa zama za utoto wetu, tangu Malindi na Shangani zilizo ndani ya Mji Mkongwe hata Kikwajuni, Mlandege na Miembeni zilizo Ng'ambo, nguo mpya haikuwa jambo la kila mwezi wala la kila apendapo mtoto, bali ilikuja kwa nyakati zake maalumu: kwa Idi mbili, kwa shughuli ya mwanafunzi aliyehitimu Kurani chuoni, kwa arusi ya jamaa wa karibu, na kwa ndugu zetu wa Makunduchi, kwa Mwaka Kogwa, ambapo watu hukoga baharini, wanaume wakapigana kwa migomba mpaka vinyongo vya mwaka uliopita vikawatoka, kisha wote wakavaa vipya. Kwa kuwa nyakati hizo zilikuwa chache, kila nguo ilikuwa na habari zake, na hata leo mtu wa rika langu akitajiwa mwaka fulani, aghalabu hukumbuka kwanza rangi ya kitambaa alichoshonewa, ndipo akakumbuka mambo makubwa yaliyoushughulisha ulimwengu mwaka huo.

Likiingia kumi la mwisho la Ramadhani, mabaraza ya mafundi cherehani yalijaa watu mpaka usiku wa manane, na ukipita njiani baada ya tarawehi ulisikia mashine zikivuma toka nyumba hii hata ile. Mama zetu walikwenda madukani Darajani wakanunua kitambaa kwa kipande kikubwa, wakati mwingine jora zima wakishirikiana na mashemeji, kwa sababu watoto wa nyumba moja walivishwa kitambaa kimoja: wasichana wakashonewa magauni ya marinda, wavulana wakashonewa mashati, na kilichosalia kikamfaa mtoto wa jirani aliyekuwa hana mtu wa kumnunulia. Siku ya Idi tulipotoka tumeongozana, hapana aliyehitaji kuuliza sisi ni wa nani. Kitambaa kilitutaja.

Fundi alipima kwa utepe alioutundika shingoni, akaandika kwa chaki juu ya meza yake, na kabla hajaikunjua nguo, mama aliyesimama pembeni na buibui lake hakukosa kumkumbusha.

"Fundi, usisahau upindo. Mwanangu huyu anakua."

"Bi mkubwa, nimemwachia nyanda nne. Idi ya mwakani utaufumua, na ya mwaka wa pili vilevile."

Upindo huo ndio ninaotaka kuuzungumzia hasa. Nguo ya mtoto haikukatwa kwa kimo alichokuwa nacho siku ile, bali kwa kimo kilichotarajiwa. Mabega yalilegea kidogo, mikono ya kanzu ilifika vidoleni, na chini kabisa, ndani, mlikunjwa akiba ya kitambaa ambayo haikuonekana na mtu, lakini mtoto mwenyewe aliihisi ikimgonga miguuni kila alipopiga hatua. Mwaka uliofuata mama alikaa uani, akaufumua uzi kwa ncha ya sindano, akaupiga pasi ya mkaa, na nguo ikashuka. Alama ya kunjo la zamani haikufutika: juu ya mstari rangi ilikuwa imekwisha pauka kwa jua na sabuni, chini yake rangi ilikuwa mbichi kama siku ya dukani. Wako walioona haya kwa mstari huo. Mimi nauona kuwa ni hati ya mapenzi, kwani ulithibitisha kuwa kuna mtu aliyekaa akawaza, kabla ya mwaka kufika, kwamba utaufikia mwaka huo ukiwa mzima na ukiwa umekua.

Wavulana walikuwa na kanzu nyeupe na kofia. Kofia ya kazi ya mkono ilishonwa na wanawake majumbani, kwa kitambaa cheupe cha tabaka mbili kilichochorwa nakshi, kikatobolewa vitundu vidogo, na kila kitundu kikazungushiwa uzi kwa sindano, kazi ambayo ilimchukua mshonaji wiki nyingi na macho mazuri. Ilipofuliwa ilitiwa wanga, ikavishwa juu ya kibao cha duara au chungu cha kadiri ya kichwa, ikaachwa ikauke ikiwa imesimama. Mtoto aliyevikwa kofia ya namna hiyo alijifunza kuinua shingo pasipo kuambiwa, maana alijua kwamba akikimbia itaanguka, na ikianguka itachafuka, na kuna shangazi aliyeitolea macho yake.

Bibi zetu hawakuyatazama mambo ya mavazi kwa wepesi, na walikuwa na sababu nzito. Kabla ya tarehe 6 Aprili 1897, siku ilipotangazwa kwamba sheria haiutambui tena utumwa Unguja, mtumwa alijulikana kwa nguo kabla hajafungua kinywa: marekani, yaani kile kitambaa kigumu cha pamba kilichokuja na meli za wafanyabiashara wa Salem toka Marekani, au kaniki iliyotiwa nili, na hakuwa na ruhusa ya kuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake. Watumwa walipopata uhuru wao, waliuonesha kwanza mwilini. Wanaume wakavaa kanzu na kofia, wanawake wakaiacha kaniki wakashika kanga za rangi na maua, na baada ya miaka kidogo wakavaa na buibui, ili asiweze mtu yeyote kuwatenga tena kwa kuwatazama. Basi bibi aliyezaliwa karibu na zama hizo, au aliyelelewa na mama aliyezipitia, alipomwona mjukuu wake anataka kutoka kifua wazi na miguu mitupu siku ya Idi, hakuona utundu wa kitoto tu. Aliona jambo ambalo watu wake walitaabika kulivuka. Ukali wake katika kutuvisha sikuufahamu mpaka nilipokuwa mtu mzima, na leo ninamwombea rehema kwa huo.

Usiku wa kuandama mwezi haukuwa usiku wa kulala. Majani ya mhina yalitwangwa, yakachanganywa na ndimu, wasichana wakapakwa viganjani na nyayoni, wakafungwa vitambaa, wakalazwa chali kwa amri ili wasiharibu. Nguo zilizokwisha pigwa pasi zilitandazwa juu ya tenga lililofudikizwa, chini yake ukawekwa udi katika chetezo, moshi ukapanda ukaingia katika kila uzi. Alfajiri tulikogeshwa, tukapakwa mafuta ya nazi, wasichana wakatiwa wanja na kutiwa kikuba cha asumini na mrehani, halafu tukapitishwa nyumba hata nyumba kuamkia wakubwa. "Shikamoo, bibi. Idi mubarak." "Marahaba, mjukuu wangu, Mungu akukuze." Ndipo ukatolewa mkono wa Idi, senti zilizofungwa katika pindo la kanga kwa fundo ambalo vidole vya kizee vililifungua kwa taratibu iliyotukosesha subira. Senti hizo hazikulala. Jioni zilikwenda Mnazi Mmoja, kwenye uwanja ule mpana uliopo baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, zikaishia kwenye pembea za mbao, kashata, ubuyu, njugu, mapulizo na vipenga, na vumbi lake likakaa katika marinda yetu siku zote za sikukuu.

Nisiseme kwamba kila mtoto alifurahi. Wako waliokaa nyuma ya mlango kwa kukosa nguo, na katika miaka ya dhiki nguo zilipokuwa adimu hata kwa mwenye fedha, walikuwa wengi. Lakini mama mwenye akili alijua mlango upi haukufunguka, na kile kipande cha jora kilichosalia kilikuwa na kazi.

Idi ikiisha, nguo ilianza safari nyingine. Ilivaliwa mwaka huo kwa matembezi, kisha ikashuka kuwa ya chuoni, ikatiwa matone ya wino, ikashuka tena kuwa ya kushindia nyumbani, ikarithiwa na mdogo wako, na ilipochakaa kabisa ikakatwa vipande akafanywa mtoto wa bandia. Huyu bandia alikuwa ndiye mwenye bahati kuliko wote, kwa kuwa mwili wake ulitengenezwa kwa gauni la zamani lililojazwa sufi, nywele zake zilikuwa nyuzi nyeusi, macho yake wanja, na mavazi yake yalitokana na vijipande vipya tulivyoviokota chini ya cherehani ya fundi, tukisukumana na kukanyagana, hata akawa amevaa kitambaa kilekile alichovaa mama yake wa miaka minane.

Bandia hakukaa mwari muda mrefu, aliozwa. Washenga walikuja toka uga wa pili kumposa, mahari yakatajwa kwa hesabu ya komwe, tukadai kilemba cha baba na mkaja wa mama bila kusahau hata kimoja, maana tulikuwa tumekwisha kusikia haya yote tukiwa tumejibanza nyuma ya mapazia ya arusi za kweli. Mvulana mmoja alivishwa shuka la kitanda likawa joho, akakohoa kama kadhi, akafungisha ndoa. Wasichana walijitanda kanga za mama zao zilizoburura chini, wakavaa mitalawanda ya bibi iliyogonga sakafu kwa kishindo, wakafunga mikononi saa za ukuti. Wali wa mchanga ulipikwa katika vifuu. Mwari alipotolewa, vigelegele vilipigwa kwa nguvu hata mama wa kweli wakatoka jikoni kutazama, na mara nyingine wakatuazima shanga.

Michezo mingine ilikuwa mingi na sina haja ya kuitaja yote. Wasichana walicheza mdako kwa vijiwe na kishimo, wakacheza nage kwa mpira wa vitambaa. Jioni wote tulicheza kibe mpaka adhana ya magharibi. Wavulana walichonga pia za mti wa mpera, na upepo wa kusi ulipotulia katika mwendo wake wakarusha vishada vya karatasi na chelewa za ukuti. Wasiotaka kukimbia walikaa barazani na wazee wakajifunza bao kwa kutazama tu, kwani mzee mchezaji hakufundisha mtu, alikuacha uone.

Baada ya isha ilikuwa zamu ya hadithi, na hadithi zilikatazwa mchana kwa sababu mchana una kazi zake. Zile alizozikusanya mmisionari Edward Steere hapa Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870 ndizo tulizozisikia sisi mikekani, zikiwa zimebadilika kidogo kwa kila bibi: Punda wa Dobi, na Mwalimu Goso ambaye wanafunzi wake walimtafuta aliyemuua wakiushitaki upepo wa kusi, kisha ukuta, kisha panya, kisha paka. Lakini iliyotushika sana ni ya Sultani Darai, na naamini ilitushika kwa ajili ya nguo. Maskini Hamdani, mchakura jaani wa punje za mtama, alinunua paa. Paa yule mwenye akili akaokota almasi, akaenda kwa sultani kumposea bwana wake binti, kisha akamficha bwana wake porini akiwa uchi, akasema kwamba wanyang'anyi wamemvua, na sultani akapeleka mavazi ya kifalme, kilemba na jambia na upanga na farasi. Bibi alipofika hapo alipunguza mwendo, akamvika Hamdani kitu kimoja baada ya kimoja, na sisi tukamvika pamoja naye. Hamdani alipewa nguo kubwa kuliko yeye, kama sisi sote. Tofauti yake ni kwamba hakukua akaijaza. Paa alipougua, Hamdani alimdharau, hakumpa hata chakula cha staha, paa akafa, na Hamdani akaamka asubuhi yuko jaani, anachakura. Hakuna mtoto aliyelala upesi usiku huo.

Redio ya Sauti ya Unguja ilianza mwaka 1951, televisheni ikaja mwaka 1973, na hadithi zikahamia humo. Nguo siku hizi huja tayari toka Dubai, zimekatwa kwa kimo cha mtoto wa siku ile, hazina upindo, na uwanja wa Maisara na wa Kariakoo huwaka kwa rangi zake kila Idi. Watoto hawa hufurahi, nami hufurahi nikiwaona, ila nasikitika kwamba mtoto aweza sasa kuvikwa na kusimuliwa na watu wasiomjua jina.

Maana hadithi ya bibi haikuanza mpaka uitike, na haikwisha mpaka vitendawili vitegwe, na vitendawili vilikuwa na kanuni: ukishindwa, unatoa mji. Sisi tusiopata kufika mbali zaidi ya Bububu tuliigawa dunia kwa ukarimu mkubwa, Lamu, Bombay, Maskati, na Makka tukaiweka akiba kwa kitendawili kigumu kuliko vyote. Bibi aliupokea mji, akasema, "Haya, nimekwenda Maskati, nimefika," akaeleza jinsi alivyopokewa bandarini, halua aliyolishwa, na nguo alizovishwa na wenyeji wake, rangi zake, nakshi zake na urefu wake, huku sisi tukimkatiza kwa maswali. Na aliporidhika na makaribisho hayo ndipo akatupa jibu, akatega kingine.