Kamembe, Mahali Alipohamishiwa Mfalme

Katika somo la historia tumejifunza jinsi Waingereza walivyofanya Australia kuwa mahali pa kutupia wafungwa wao. Merikebu 11 ziliondoka Portsmouth mwaka 1787, zikafika Sydney Januari 1788, zikiwa na wafungwa zaidi ya 700. Wengi wao walikuwa wezi tu. Miaka ya kwanza walishikwa na njaa, maana mbegu zao hazikustawi, na wenyeji waliona ardhi yao ikichukuliwa pasipo kuulizwa. Desturi hiyo haikukoma mpaka mwaka 1868.

Wenzangu wengi hudhani kwamba hayo ni mambo ya mbali. Lakini hata huku kwetu Rusizi pana mahali pa namna hiyo, napo ni Kamembe.

Kwanza yafaa tujue kwa nini serikali za kikoloni zilipenda kuwahamisha watu. Mtawala akiuawa, watu wake humlilia na kutaka kisasi. Akifungwa karibu, watakwenda kumwona na kupokea maneno yake. Lakini akipelekwa mbali, yu hai wala hana nguvu. Ndivyo Waingereza walivyowatenda Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda. Waliwakamata mwaka 1899, kisha wakawapeleka visiwa vya Seychelles. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega alipewa ruhusa ya kurudi mwaka 1923, lakini akafa Jinja kabla ya kufika kwao.

Sasa nitaeleza habari za Mfalme Yuhi wa Tano Musinga. Sisemi kwamba yeye hakuwa na kosa. Alipata ufalme mwaka 1896 baada ya damu nyingi kumwagika Rucunshu. Lakini Wabelgiji hawakumwondoa kwa ajili ya damu ile. Walimwona ni mtu wa kuwazuia: hakupenda amri zao, tena alikataa kubatizwa. Monsinyori Léon Classe, mkuu wa misioni, naye aliwashauri wamwondoe. Sisi tunaosoma katika shule ya misioni tusilifiche jambo hili, kwa kuwa historia haifichwi.

Tarehe 12 Novemba 1931 Musinga aliambiwa kwamba ufalme wake umekwisha. Baada ya siku mbili aliondoka Nyanza, akaja Kamembe pamoja na mama yake Kanjogera na baadhi ya jamaa zake. Tarehe 16 mwanawe Rudahigwa alitawazwa. Ngoma ya Kalinga, iliyokuwa alama ya ufalme, ilibaki Nyanza.

Fikirini maisha ya mfalme huyo. Nyanza alikuwa katikati ya watu wake, mashauri yote yakiletwa mbele yake. Kamembe ni ukingoni mwa nchi: chini ni Ziwa Kivu, ng'ambo ni Kongo. Kanjogera, ambaye zamani wakuu wote walimwogopa, alifia huko mwaka 1933. Mwaka 1940, wakati Ubelgiji yenyewe ilipotekwa na Wajerumani, Wabelgiji waliona kwamba hata Kamembe ni karibu mno. Wakampeleka Musinga Moba, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Alikufa huko mwaka 1944, asiione Rwanda tena.

Hapa iko tofauti moja kubwa. Mfungwa wa Sydney alisimama mbele ya hakimu, akahesabiwa miaka yake, 7 au 14 au maisha. Aliyemaliza miaka yake alikuwa huru. Musinga hakupewa hakimu wala hesabu ya miaka. Ilitosha amri ya serikali. Kwa amri za namna hiyo hiyo maelfu ya wafuasi wa Simon Kimbangu walihamishwa makwao katika Kongo, na wengine wakatiwa katika kambi za kilimo kama zile za Ekafera na Lowa.

Leo Kamembe ni mji wa biashara wenye uwanja wa ndege, na wapitao wengi hawajui habari hizi. Basi ninyi mliotutangulia katika shule hii, kama wazee wenu waliwasimulia lolote juu ya miaka ile tisa, tafadhali liandikeni. Mtu akihamishwa hupoteza nchi yake. Akisahauliwa, sisi ndio tunaopoteza.