Nambari Moja kwa Watoto Wote



Alasiri moja mwanafunzi wa chuoni kwetu, hapa Malindi, alishikwa na homa kali. Maalim akafungua kompyuta kutafuta simu ya mamake, akapiga, haikuita. Nambari iliyoandikwa ilikuwa 2147483647. Akamtazama mtoto wa pili, nambari ni hiyo hiyo. Na wa tatu, hadi wa mwisho. Mtoto alirudishwa kwao na jirani aliyeijua nyumba, na alhamdulillahi akapona.

Sisi tuliosomea ubao na wino tulidhani ni mchezo wa vijana. Kijana tuliyemwita kututazamia alicheka kwa adabu, kisha akatufahamisha. Programu inayohifadhi orodha yetu, MySQL, huipa kila namba kamili ya kawaida chombo cha biti 32, na kubwa inayoweza kuingia humo ni 2,147,483,647, yaani bilioni mbili na kitu. Nambari ya simu ya Kenya ikianza na 254 ina tarakimu 12, hivyo hupita bilioni mia mbili na hamsini. Ni kama kumimina gunia katika kibaba. Kwa mpangilio wa zamani programu haikukataa: ilikijaza kibaba hadi ukingoni, ikamwaga kilichobaki, ikatoa onyo dogo lisilosomwa na mtu. Tangu toleo la 5.7 la mwaka 2015, mpangilio wake wa kawaida ni kukataa na kusema wazi. Letu lilikuwa la kale.

Ukimya huo ndio uliotuudhi. Lau ingegoma siku ya kwanza, tungalijua siku ile ile, na fomu za wazazi zingali mkononi. Nasi tulikuwa tumekwisha kuzichoma, tukiamini kompyuta imeshika amana.

Rai yetu ilikuwa chombo kipanuliwe hadi biti 64. Kijana alikataa. Nambari ingeenea, alisema, lakini mzazi akiandika simu yake kuanzia sifuri, sifuri hiyo ingepotea. Na ni nani anayejumlisha nambari za simu? Basi akafanya nakala ya orodha nzima, akaigeuza safu ya simu iwe ya maandishi, akawasha ule ukali wa kukataa, kisha akajaribu kwa makusudi kuingiza ada kubwa kupita kiasi. Ikakataliwa. Safu ya ada, inayohesabiwa kwa senti, ndiyo aliyoipanua hadi biti 64, kwani kwa biti 32 jumla ingekwama kwenye shilingi 21,474,836 na senti 47. Chuo chetu hakijaziona fedha hizo, ila dua ni ibada.

Kazi hiyo ilikwisha kabla ya magharibi. Nambari zilizomwagika hazikurudi. Tulizunguka nyumba kwa nyumba, Shela, Barani, hadi Mambrui, tukibisha hodi na kueleza upya kila mlango. Ya mwisho tulipewa na bibi wa mtoto, aliyeitaja kwa moyo, sifuri yake ikiwa mbele, akatutaka tuiandike na kwa kalamu pia. Tuliiandika.