Moto Majumbani: Dakika za Mwanzo Zimo Mikononi mwa Kaya

Kila familia hujiandaa dhidi ya mwizi. Madirisha hutiwa nondo, mlango wa mbele huwekewa komeo na kufuli, na funguo hufichwa mahali asipopajua mgeni. Hata hivyo, ni kaya chache zilizowahi kukaa pamoja na kujiuliza swali hili: ikiwa moto utazuka saa nane usiku, umeme umezimika na moshi umetanda ukumbini, watoto watatokea wapi, na funguo zitakuwa kwa nani?

Makala hii inawaeleza wakazi wa kata zetu vyanzo vya moto majumbani, hasara zake na njia za kuukinga. Inasisitiza jambo moja ambalo halina budi kueleweka kwanza: katika wilaya yenye vijiji vilivyotawanyika, msaada wa kwanza wakati wa moto ni wenye nyumba wenyewe. Gari la zimamoto litakuja, lakini dakika za mwanzo, ambazo huamua nani atapona, ni za kaya na majirani.

Namna moto unavyokua

Moto huhitaji vitu vitatu: joto, hewa na kitu cha kuwaka. Kikikosekana kimojawapo, unazimika. Kanuni hii ndiyo msingi wa kila njia ya kuzima moto: maji huondoa joto, mchanga na blanketi zito huzuia hewa, na kuondoa godoro au pazia kabla halijashika ni kuunyima moto chakula.

Katika chumba chenye godoro la sponji, makochi na mapazia, moto mdogo waweza kukijaza chumba chote kwa dakika chache tu. Wengi hudhani kuwa mtu aliyekufa katika nyumba iliyoungua ameuawa na ndimi za moto. Mara nyingi kilichomuua ni moshi. Ndani ya moshi huo mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlevya mtu na kumnyima nguvu kabla hajatambua hatari. Kwa sababu hiyo aliyelala huenda asiamke kabisa. Hewa hiyo hiyo hutolewa na jiko la mkaa lililoachwa likiwaka chumbani nyakati za baridi, hata kama hakuna kilichoungua. Jiko la mkaa lisilazwe ndani kamwe.

Vyanzo vikuu

Jikoni. Chungu au kikaango kilichoachwa bila mwangalizi ni chanzo cha kawaida mno. Mafuta ya kupikia yakipata joto kupita kiasi huwaka yenyewe. Mtu akiyamwagia maji, maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke kwa ghafla na kuyarusha mafuta yanayowaka hadi darini. Njia sahihi ni kuzima jiko, kufunika kikaango kwa mfuniko au sinia la bati, na kukiacha kipoe bila kukigusa. Kwa wanaopikia mafiga, jiko lijengwe mbali na nyumba iliyoezekwa kwa nyasi au makuti, na makaa yazimwe kwa maji kabla ya kulala. Majivu yanayoonekana yamepoa huweza kuficha kaa hai, na upepo wa usiku hulifufua.

Gesi. Serikali imezindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mitungi ya gesi inazidi kuingia majumbani, na matumizi yake yanahitaji elimu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai juu, bali hutambaa sakafuni na kujikusanya pembeni na chini ya meza, ikingoja cheche. Harufu kali unayoisikia huongezwa makusudi ili ikutahadharishe. Ukiisikia, usiwashe wala usizime taa, usiwashe kiberiti, na usichomoe kitu chochote kwenye umeme, kwa maana hata cheche ndogo ya swichi inatosha. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu nje. Mtungi ukae wima, mahali penye hewa. Mpira wake ukaguliwe kwa povu la sabuni: likitoa mapovu, pana tundu. Usitafute tundu la gesi kwa kuwasha kiberiti.

Umeme. Plagi ya kawaida ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,000. Birika la umeme pekee hutumia wati zipatazo 2,000, na pasi wati 1,000 au zaidi. Ukiviunganisha viwili hivyo pamoja na jiko la sahani moja katika ekstensheni moja, waya utabeba mzigo usio wake. Utapata joto, mpira wake utayeyuka, na moto utaanzia nyuma ya kochi ambako hakuna anayetazama. Dalili huonekana mapema: soketi yenye joto, alama nyeusi ukutani, harufu ya plastiki inayoungua, taa zinazofifia pasi inapowashwa. Mwenye kuona dalili hizo azime swichi kuu na aite fundi mwenye leseni ya EWURA, si kijana wa mtaani anayejua kuunga waya. Fyuzi ikikatika isiunganishwe kwa kipande cha waya, kwa sababu kufanya hivyo ni kumwondoa mlinzi getini.

Lipo pia kosa la kila siku. Umeme hukatika mtu akiwa anapiga pasi. Huiacha juu ya nguo, hutoka kwenda sokoni, na umeme hurejea nyumba ikiwa tupu. Umeme unapokatika, chomoa kwanza, ndipo utoke.

Mishumaa na vibatari. Mwanga wa moto ulio wazi karibu na chandarua ni hatari kubwa, hasa kwa mwanafunzi anayesoma akiwa kitandani hadi usingizi unamchukua. Taifa halijasahau mwezi Agosti 2009, wakati wanafunzi 12 walipopoteza maisha kwa moto wa bweni katika Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa. Chanzo kilielezwa kuwa mshumaa. Taa ndogo ya sola hulipa gharama yake kwa usalama pekee. Ikiwa mshumaa hauna budi kutumika, usimamishwe ndani ya chombo chenye maji au mchanga, mbali na pazia na kitanda. Tahadhari hiyo hiyo ifuatwe kwa dawa ya mbu ya kuchoma.

Petroli. Vijana wengi wa bodaboda na wenye jenereta huhifadhi petroli ndani, katika madumu au chupa za maji. Petroli hutoa mvuke usioonekana, ambao husafiri hadi kwenye jiko lililo chumba kingine na kurudi na moto. Petroli haina mahali pake ndani ya nyumba wanamolala watu.

Hasara isiyohesabika kwa mabati pekee

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao 180,000 hufariki kila mwaka duniani kutokana na majeraha ya moto, wengi wao katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Wanaoathirika zaidi nyumbani ni wale walio karibu na jiko na wasioweza kukimbia: akina mama, watoto wadogo, wazee na wenye ulemavu.

Anayenusurika naye hubeba mzigo mrefu. Jeraha kubwa la moto huhitaji wiki au miezi ya kitanda cha hospitali. Kovu hukaza kiwiko au shingo. Mtoto hukosa masomo, na mlezi huacha shamba au biashara ili amuuguze. Pamoja na nyumba huteketea vyeti vya kuzaliwa na vya shule, kadi za kliniki, hati za viwanja na akiba iliyowekwa chini ya godoro. Halmashauri inawashauri wakazi kutunza nakala za nyaraka zao kwa ndugu anayeaminika, na fedha benki au kwenye simu.

Kufuli linalozuia mwizi na kuzuia wokovu

Nondo za madirishani zinazomzuia mwizi kuingia humzuia pia mtoto kutoka. Kufuli lililofungwa kwa ndani, ufunguo wake ukiwa mfukoni mwa suruali iliyotundikwa chumba cha tatu, ni ukuta. Hatusemi wakazi waache kujilinda na wezi. Tunasema kila nyumba iwe na njia mbili za kutokea, na njia hizo zifunguke bila kutafuta kitu gizani.

Mambo matatu yanawezekana hata kwa kipato kidogo. Kwanza, ufunguo wa mlango utundikwe usiku mahali pamoja, karibu na mlango lakini mbali na dirisha, na kila mwenye umri wa kuelewa aonyeshwe. Pili, katika kila chumba cha kulala, au walau katika chumba cha watoto, nondo za dirisha moja zitengenezwe na fundi wa kuchomelea ziwe na bawaba na komeo la kufungukia ndani. Tatu, familia ifanye zoezi: taa zizimwe, kila mtu atoke akipapasa ukuta, na wote wakutane mahali palipokubaliwa, kama vile chini ya mwembe au kwenye lango la jirani.

Kuhusu watoto, Halmashauri inasema bila kuzunguka: mtoto asifungiwe ndani peke yake, hata kama mzazi anakwenda dukani tu. Mama asiye na wa kumwachia mtoto amwombe jirani, na jirani akubali. Ni wajibu wa ujirani, nao hauhitaji fedha.

Moto ukizuka

1. Piga kelele kuwaamsha wote, kisha toeni watu, wadogo na wagonjwa kwanza.
2. Penye moshi, tambaeni. Moshi wa moto hupanda juu. Hewa iliyo safi zaidi ipo karibu na sakafu.
3. Kabla ya kufungua mlango uliofungwa, uguse kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa na joto, usiufungue. Tumia njia ya pili.
4. Funga mlango nyuma yako ili kuunyima moto hewa.
5. Piga 114, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Taja kata, kijiji au mtaa, na alama inayojulikana kama shule au zahanati. Mtume mtu barabarani alipokee gari.
6. Hesabuni watu mahali pa kukutania. Asirudi mtu ndani kufuata televisheni, simu wala fedha.

Moto ukiwa bado mdogo, na njia ya kutokea ipo nyuma yako, unaweza kujaribu kuuzima. Moto wa umeme usimwagiwe maji. Zima swichi kuu kwanza. Moto wa petroli au mafuta ya taa uzimwe kwa mchanga. Mtu anayeungua asikimbie, kwani mbio huchochea moto: alale chini na kubingirishwa, au afunikwe kwa blanketi zito la pamba.

Jeraha la moto lipozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai, asali wala majivu. Vitu hivyo hutunza joto, huleta uchafu na kumpa mganga kazi ya kuvisugua. Funika kwa kitambaa safi, usipasue malengelenge, na umwahishe majeruhi kwenye kituo cha afya.

Zimamoto na Halmashauri

Wakazi wengi hulalamika kuwa gari la zimamoto huja bila maji. Hesabu hii isaidie kueleza: gari lenye tangi la lita 5,000, likimwaga lita 1,000 kwa dakika, humaliza maji yake kwa dakika tano. Baada ya hapo ni lazima lijaze upya. Kwa hiyo kila bomba maalumu la kujazia magari ya zimamoto lililofukiwa, au kujengewa kibanda juu yake, ni dakika zilizoibwa kwa jirani anayeunguliwa. Hali kadhalika uchochoro uliozibwa kwa uzio au matofali. Anayejenga aombe kibali cha ujenzi na aheshimu nafasi ya barabara, kwa kuwa njia hiyo ndiyo itakayopitisha gari siku ya hatari.

Ieleweke pia kuwa, kwa Sheria Namba 14 ya mwaka 2007, huduma za zimamoto zipo chini ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililo ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Huduma ya kuzima moto na kuokoa watu haitozwi fedha, hivyo mtu asisite kupiga simu kwa kuogopa gharama. Namba 114 isipigwe kwa mzaha. Simu ya mzaha yaweza kumchelewesha anayeungua kweli. Vijiji, mitaa na shule zinazohitaji elimu ya kinga ya moto zinaweza kuwasilisha maombi kupitia Ofisi ya Mtendaji wa Kata.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, tunamwomba kila mkuu wa kaya afanye mambo manne: azime jiko na kufunga mtungi wa gesi, achomoe vifaa visivyotumika, atundike ufunguo mahali pake, na amuulize mtoto wake mdogo kabisa anayeweza kusema: “Moto ukiwaka, utatokea wapi?” Mtoto akikosa jibu, familia imekwishajua kazi yake ya kesho. Tahadhari kabla ya hatari.