Wamisionari wa Kimormoni katika sharika za Kichina

Wamisionari wa Kimormoni katika sharika za Kichina ni vijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho (kwa kawaida huitwa Wamormoni) wanaotumwa kuhubiri na kuhudumu kati ya watu wanaosema Kichina. Hutumwa Taiwan na Hong Kong, na pia katika miji yenye wahamiaji wengi Wachina kama vile New York, San Francisco, Toronto na Sydney. Hawatumwi China bara, ambako sheria inawakataza wageni kueneza dini.

Wanaume hutumikia miezi 24 na wanawake kwa kawaida miezi 18, bila mshahara. Oktoba 2012 umri wa kuanza ulipunguzwa kutoka 19 hadi 18 kwa wanaume, na kutoka 21 hadi 19 kwa wanawake. Tangu hapo wengi huondoka nyumbani mara baada ya kumaliza sekondari. Kijana hachagui mahali wala lugha: hupokea wito kutoka makao makuu ya kanisa huko Salt Lake City, na anaweza kupangiwa Kichina bila kujua neno hata moja.

Historia

Wamisionari wa kwanza walifika Hong Kong mwaka 1853, wakaondoka baada ya wiki chache bila mafanikio. Kazi ilianza upya huko mwaka 1949, ikasimama wakati wa vita vya Korea, na kurudi mwaka 1955. Wamisionari wanne wa kwanza waliingia Taiwan mwaka 1956. Kitabu cha Mormoni kwa Kichina kilichapishwa katika miaka ya 1960, na hekalu la Taipei liliwekwa wakfu mwaka 1984.

Lugha

Wanaojifunza Kichina hupita kwanza katika kituo cha mafunzo, hasa kile cha Provo, Utah, kwa takriban wiki 9. Muda huo ni mfupi mno. Kimandarini ni lugha ya toni nne: silabi *mai* ikitamkwa kwa sauti inayoshuka kisha kupanda humaanisha "kununua", na kwa sauti inayoshuka tu humaanisha "kuuza". Kwa msemaji wa Kiingereza (au wa Kiswahili), aliyezoea kupandisha sauti kwa ajili ya kuuliza tu, kosa ni rahisi. Matokeo yake ni kwamba kijana hufika akiweza kueleza toba na ubatizo, lakini hawezi kuelewa mama anayemsimulia ugonjwa wa mumewe.

Kusoma ni kazi nyingine, maana herufi za Kichina ni maelfu. Wengi huanza na pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini. Katika miji ya Marekani kuna tatizo la ziada: aliyefundishwa Kimandarini hukutana na wazee wanaosema Kikantoni au lahaja za Fujian tu, na huenda mjukuu akalazimika kuwa mkalimani.

Kila mmisionari hupewa jina la Kichina, mara nyingi lenye sauti inayokaribia jina lake la ukoo, na kulivaa kifuani kwenye kibao cheusi. Mvulana wa miaka 18 huitwa *zhanglao*, yaani "mzee" wa kanisa, cheo ambacho Wamormoni wanaosema Kiswahili nao hukitafsiri "Mzee". Msichana huitwa *jiemei*, "dada".

Maisha ya kila siku

Mmisionari haishi wala hatembei peke yake. Hupangiwa mwenzake wa jinsia ileile, ambaye hubadilishwa kila baada ya muda. Siku huanza mapema kwa kujisomea maandiko na lugha, kisha huja kutembelea watu, kuongea na wapita njia na kufundisha madarasa ya Kiingereza ya bure. Kwa wahamiaji wengi madarasa hayo ndiyo mlango wa kwanza, na wapo wanaoyalaumu kuwa chambo. Hadi mwaka 2019 simu ya nyumbani iliruhusiwa mara chache tu kwa mwaka. Tangu Februari mwaka huo inaruhusiwa kila wiki.

Sharika za Wamormoni haziongozwi na wachungaji wenye mshahara. Kwa hiyo katika tawi dogo la Kichina mmisionari anaweza Jumapili moja kupiga kinanda, kubariki sakramenti na kutoa hotuba kwa lugha aliyojifunza mwaka uliopita.

Chai, mababu na kurudi nyumbani

Wamormoni hawanywi pombe, kahawa wala chai. Kwa Mchina kumkaribisha mgeni chai ni heshima (neno "chai" lenyewe lina asili ya Kichina), hivyo mmisionari hana budi kujua kukataa bila kumwaibisha mwenyeji, k.mf. kwa kuomba maji ya moto matupu. Kwa anayetaka kubatizwa jambo ni zito zaidi, kwa sababu anaacha kinywaji cha meza ya wazazi wake.

Kuhusu mababu hali ni tofauti. Wamormoni huchunguza nasaba na kubatizwa kwa niaba ya wafu, na kanisa limepiga picha vitabu vingi vya koo za Kichina. Familia zinazoheshimu mababu huweza kuvutwa na jambo hilo, au kuudhika kwamba marehemu wao wanaingizwa katika dini ngeni.

Ugumu mkubwa huwahusu wanafunzi kutoka China bara. Serikali ya China inatambua dini tano: Ubuddha, Utao, Uislamu, Ukatoliki na Uprotestanti. Umormoni hauna nafasi yake rasmi. Mwanafunzi aliyebatizwa ng'ambo akirudi kwao hatakuta wamisionari, hukutanika na raia wenzake tu wala si pamoja na wageni, na kanisa lenyewe humtaka asihubiri. Kijana aliyemfundisha huwa amekwisha kuhamishwa au kurudi kwao.

Baada ya utumishi

Wengine huendelea kutumia lugha katika biashara na diplomasia. Anayejulikana zaidi ni Jon Huntsman Jr., aliyekuwa mmisionari Taiwan, kisha gavana wa Utah na balozi wa Marekani nchini China miaka 2009-2011. Katika kipindi chake cha ugavana Utah ilianzisha mpango wa shule za msingi ambamo nusu ya masomo hufundishwa kwa Kichina.